Gari likigonga "ko ko ko", usikimbilie kufungua pochi

Wale mliozoea kunikuta hapa nikimwaga mambo ya wachumba, mitindo ya nywele na nani kaachwa na nani, leo mnivumilie. Leo naingia chini ya gari. Ndiyo, chini ya gari, tena gauni nimeliacha kabatini.

Tusidanganyane jamani. Wengi wetu vijana wa Bukoba tunaojidai na funguo mkononi tunaendesha magari yaliyotuzidi umri. Mchuma ninaousimulia hapa ni Corolla ya mwaka 1994. Lilipotoka kiwandani Japani mimi sijazaliwa, na sasa ndilo linalonipa lifti. Gari kama hilo unaliheshimu kama mzee wa ukoo, lakini mzee akianza kulia magoti lazima umsikilize.

Na magoti yatalia tu. Ukitoka Bukoba mjini, ukapanda Rwamishenye, ukapita Kemondo na Muhutwe hadi Muleba, lami inakubembeleza mpaka usingizi unataka kukuchukua. Sasa kunja kona uingie vijijini uone! Mawe, mifereji, udongo mwekundu. Bukoba ni kati ya miji inayonyeshewa sana Tanzania, karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua ikinyesha kila shimo linajaa maji. Unadhani ni kidimbwi, kumbe ni kaburi la tairi. Buu! Unaendelea na safari, lakini kuanzia hapo gari linaanza wimbo wake: ko, ko, ko.

Wimbo huo ndio unaowapa watu ngawira yako kirahisi. Kwa nini? Kwa sababu hujui nani anayeimba.

CHINI KULE KUNA NINI?

Ngoja niwape shule kidogo, na msiogope, mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne.

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Kazi ya shokapu siyo kubeba, ni kuituliza springi ili gari lisirukeruke kama mtoto kitandani. Boljointi ni kama nyonga ya binadamu: kichwa cha duara ndani ya kikombe, kinachoruhusu tairi kupanda, kushuka na kukata kona. Bushi ni zile raba zinazokaa kati ya chuma na chuma, kama gegedu lako la goti. Linki za stabilaiza ni vijifimbo viwili vinavyoshika lile chuma refu linalozuia gari lisilale upande mmoja kwenye kona. Tairodi ndizo zinazopeleka amri ya usukani kwenye matairi.

Kwenye Corolla hizi, springi na shokapu vimefungwa pamoja, kitu kimoja kirefu kilichosimama wima. Mtindo huo ulibuniwa na injinia wa Kimarekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940, na kampuni ya Ford ikautumia kwenye magari yake kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo. Ni mtindo rahisi, wa vyuma vichache, ndiyo maana magari mengi madogo unayoyaona stendi ya Bukoba yanautumia. Uchache huo ndio neema yetu sisi wa uani: vitu vya kukagua vinahesabika kwa vidole.

LAKI NANE NA NUSU!

Sasa sikilizeni kilichonitia hasira. Gari lenyewe ni la baba yangu mdogo, anaishi Muleba. Yeye ni mtu wa ndizi na kahawa, si tajiri. Lakini kijijini kwake gari hilo ni zaidi ya gari. Mama mjamzito akishikwa uchungu saa nane za usiku, mlango unaogongwa ni wake, na safari ni ya Hospitali ya Rubya. Kwa hiyo likigonga ko ko ko, si yeye peke yake anayekosa usingizi.

Akalileta mjini, tukalipeleka gereji moja, jina naliweka kapuni. Jamaa akalizunguka mara moja, akalipiga teke tairi, akatoa hukumu: shokapu zote nne zimekufa, springi mbili za mbele zimechoka, na mashine nzima ya usukani ibadilishwe. Jumla laki nane na nusu. Jeki hakugusa! Hata kuinama hakuinama!

Baba mdogo akaguna. Hela hiyo alikuwa ameiweka kwa ajili ya ada ya binti yake aliyeko chuoni. Nikamwambia, "Shikamoo yako baba mdogo, lakini hapa hatulipi mpaka tujue tunalipia nini." Akanitazama, akasema, "Haya mwanangu, wewe ndiye uliyesoma."

Tukaenda Hamugembe kwa mzee mmoja fundi, mtu wa makamo, ovaroli yake imelowa grisi mpaka imekuwa rangi nyingine. Mzee hakusema shokapu wala nini. Alisema, "Leteni jeki, tumuulize mgonjwa mwenyewe." Maneno yake mengine nimeyaandika hapa chini, nanyi myakate mkayaweke kwenye dashibodi.

MUULIZE MGONJWA MWENYEWE

Kwanza shokapu. Gari likiwa limesimama sawasawa, kandamiza kona moja ya mbele kwa nguvu zako zote, halafu achia. Likipanda na kutulia, shokapu iko hai. Likiendelea kucheza chakacha, kwisha habari yake. Kisha chungulia: shokapu iliyolowa mafuta yanayotiririka, hiyo inakuaga. Na tairi lililokula kwa mabonde mabonde huku na kule nalo ni shahidi.

Pili, inua tairi la mbele kwa jeki, weka stendi. Shika tairi juu na chini, saa kumi na mbili na saa sita kwenye uso wa saa ya ukutani, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, mwenye kosa ni beringi. Mchezo ukibaki, macho yako yaende kwenye boljointi.

Tatu, shika tairi kushoto na kulia, utikise. Likicheza hapo, chunguza tairodi kwanza kabla mtu hajakuuzia mashine nzima ya usukani.

Nne, chukua mtaimbo, uuchomeke kati ya amu ya chini na kile chuma kinachobeba tairi, ubonyeze taratibu. Boljointi nzima haina nafasi ya kucheza. Iliyokufa inagonga, unaisikia mpaka kwenye viganja.

Tano, zishike linki za stabilaiza kwa mkono uzitikise. Zikilia, ndizo zinazopiga ko ko ko kwenye mashimo madogo unapokwenda polepole. Na raba za bushi zitazame kwa tochi: zikipasuka, gari huyumba upande ukikanyaga breki.

Matokeo ya mgonjwa wetu? Shokapu zote nne hai. Springi hai. Usukani hauna neno. Aliyekuwa akiimba ni boljointi ya kushoto, akiitikiwa na linki mbili za mbele. Basi! Vitu vitatu tu, na mtu alitaka laki nane na nusu.

Mzee alikataa hela ya kukagua. Nikamlazimisha elfu kumi ya soda. Akaniuliza tunamwachia gari lini. Nikamwuliza, "Mzee wangu, hii kazi naweza kuifanya mwenyewe nyumbani?" Hakucheka. Akafikiri, akasema, "Boljointi na linki, unaweza, ukiwa na subira. Springi usiiguse."

KUNUNUA SPEA BILA KULIZWA

Boljointi tulinunua mbili, ingawa iliyokufa ni moja. Zimetembea barabara moja miaka ileile, na dada yake hatachelewa kumfuata. Shokapu nazo hununuliwa jozi, kulia na kushoto, la sivyo gari linakuwa na mguu mmoja mgumu na mmoja laini.

Dukani nenda na spea ya zamani, au angalau namba ya chesisi. Shika boljointi mpya uzungushe kile kichwa chake: kiwe kigumu, kizunguke kwa ulaini bila kukwama wala kulegea. Raba yake isiwe na nyufa. Tazama maandishi kwenye boksi, maana majina yanayopendwa kama 555 na KYB ndiyo hayohayo wajanja wanayoyaiga. Herufi zikikaa upande, chapa ikiwa imefifia, bei ikiwa ya kutupa, rudisha mezani. Dai risiti. Nchi hii ina Tume ya Ushindani inayoshughulikia bidhaa bandia, lakini bila risiti utamshitaki nani, upepo?

Hesabu yetu ilikuwa hivi: boljointi mbili elfu tisini, linki mbili elfu hamsini, pini na mafuta ya kulegeza kutu elfu kumi, kupima alaimenti elfu thelathini, soda ya mzee elfu kumi. Laki moja na tisini elfu. Toa kwenye laki nane na nusu uone kinachobaki. Ada hiyo!

JUMAMOSI PALE UANI

Kazi ilianza Ijumaa jioni kwa kunyunyizia nati zote mafuta ya kulegeza kutu. Kwa hali ya hewa ya huku kwetu, nati isiyolala na mafuta usiku kucha itakukatikia.

Jumamosi asubuhi tukalisogeza gari uani, penye ardhi ngumu na tambarare, migomba pembeni. Tukaweka mawe nyuma ya matairi ya nyuma, hendibreki juu. Nati za tairi, ambazo kwa Corolla hii ni spana ya 21, tukazilegeza tairi likiwa bado chini. Ndipo jeki ikapanda, na stendi mbili za chuma nilizoazima zikaingia mahali pake. Tairi nililolitoa nikalilaza chini ya ubavu wa gari. Hilo ni bima: gari likianguka, linaangukia tairi, si mbavu zangu.

Majirani wakaanza kukusanyika. Mama mmoja akashika kiuno: "Waitu! Huyu si mtoto wa kike? Ataolewa na nani na grisi zote hizo?" Baba mdogo akamjibu, "Ataolewa na mwenye gari bovu." Kicheko uani kizima. Mdogo wangu wa kiume akawa msaidizi, kazi yake kunipa spana na kushika tochi.

Linki zilitoka kwanza. Ujanja ni kwamba nati yake ikizunguka na boliti nayo inazunguka, kwa hiyo unaishika boliti kwa alenikii huku unafungua nati kwa spana.

Boljointi ndiyo yenye shughuli. Ile nati yenye mapengo juu kama taji ina pini inayopita katikati. Pini unainyoosha na kuichomoa, nati unailegeza lakini huitoi kabisa kwanza. Kisha unapiga nyundo ubavuni mwa kile chuma kilichoishika boljointi. Usipige kwenye nyuzi za boljointi hata siku moja! Mapigo mawili matatu ya uhakika, ikasema "ta!" ikaachia. Upande wa amu imeshikwa na boliti moja na nati mbili, hizo zikafunguka, amu tukaikandamiza chini kwa mtaimbo, boljointi ikatoka. Hapo chunga usivute kile chuma cha tairi kuja nje sana, utaichomoa jointi ya shafti, na hiyo ni kesi nyingine.

Nikaifuta kwa kitambaa, nikaishika mkononi. Kichwa chake kilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Raba ilikuwa imepasuka zamani, grisi yote imetoka, ndani kumejaa mchanga na maji. Nikampa baba mdogo. Akaitikisa mara moja, akaacha kutabasamu.

"Hiki kikichomoka, inakuwaje?" akauliza.

"Tairi linalala, baba mdogo. Usukani hausikii tena."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema taratibu, "Juzi usiku nimempeleka mke wa jirani Rubya na hiki." Yule mama wa "ataolewa na nani" naye akanyamaza. Hakuna aliyecheka tena mpaka gari liliposhuka.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, ila kuna mambo matatu ya kuzingatia. Moja, pini iwe mpya siku zote. Tundu la pini likikataa kulingana na pengo la nati, unaongeza kukaza kidogo mpaka vilingane. Hulegezi kurudi nyuma. Mbili, boliti za bushi za amu, kama umezigusa, unazikaza za mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza amu ikiwa inaning'inia, raba inabaki imejinyonga na itachanika mapema. Hili wengi hawalijui, halafu wanalaumu spea. Tatu, nati za tairi unakaza kwa kuvuka, hii na ya upande wa pili, si kwa kuzunguka. Ukitembea kilometa hamsini hivi, unazikagua tena.

Saa nne nzima zilitumika kwa pande zote mbili. Fundi mzoefu angemaliza mapema, lakini sikuwa kwenye mashindano. Tukalitoa gari barabarani polepole, vioo chini, redio imezimwa, masikio wazi. Kimya. Ko ko ko kaenda kwao.

USIJIFANYE KOMANDOO

Sasa wewe uliyeshaanza kutafuta spana, ngoja kwanza. Usije ukasema nimekutuma.

Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Narudia: jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Mawe yaliyopangwa na matofali nayo ni mtego, tofali hupasuka bila hodi. Hakuna stendi, hakuna kazi.

Usiguse ile nati ya katikati juu ya shokapu ya mbele ikiwa springi haijabanwa na kibanio chake. Springi ile imekandamizwa kwa nguvu inayoweza kuvunja taya au kuua kabisa. Kama shokapu zako ndizo zilizokufa, zile nati tatu za juu na boliti mbili za chini unaweza kuzifungua uani, ukautoa mguu mzima, springi na shokapu pamoja. Hapo ndipo mwisho wako. Ubebe kwenye kiroba mpelekee fundi mwenye kibanio akubadilishie, urudi ufunge. Umeokoa gharama ya ufundi na taya umebaki nayo.

Beringi zinazohitaji mashine ya kusukumia, mpe mwenye mashine. Na ukishagusa shokapu au tairodi, lazima upime alaimenti, la sivyo matairi mapya yataliwa upande mmoja kama muwa.

Na kama boljointi yako inagonga sasa hivi, usiseme "nitamalizia wiki hii kwanza." Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haitaki gari bovu barabarani, lakini muache trafiki kwanza. Fikiria aliyekaa kiti cha nyuma, anayekuamini na hajui kama chini yake kuna jino linalocheza.

Mimi sisemi mafundi wote ni wezi, la hasha. Mzee wa Hamugembe ni fundi, na angeweza kutuchuna kama alivyotaka. Kinachowatofautisha ni kitu kimoja tu, nacho hata wewe unaweza kukipima bila kujua spana: fundi wa kweli anainama kwanza, halafu ndiyo anataja bei. Anayetaja bei akiwa amesimama, mwambie asante, washa gari lako, ondoka.

Haya, kwa leo naishia hapa, kucha zangu bado zinanidai sabuni. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu ya wachumba. Nao pia, jamani, wapimeni kabla ya kulipa.